Kontena langu limekwama Dar na wakala anataka "ya kulainisha". Nilipe?

*"Shikamoo mtaalamu. Nina duka la pampu za umwagiliaji na spea za pawatila hapa Mwanjelwa, wateja wangu wengi ni wakulima wa mpunga wa Mbarali na Kyela. Mwaka huu nimejitutumua: badala ya kununua Kariakoo nimeagiza mwenyewe kontena la futi 20 kutoka China. Leo ni siku ya 11 tangu lishuke Dar. Wakala wa kutoa mzigo, niliyepewa na shemeji yangu, anasema limepigwa nyekundu na watu wa ndani wanataka milioni mbili ya kulainisha, haina risiti. Nikilipa linatoka kesho, nikikataa litakaa mpaka storeji inimalize. Tena ananishauri safari ijayo tutengeneze invoisi ya nusu bei ili kodi iwe nyepesi. Mvua za Mbarali zinakaribia. Ni kweli bandarini bila kitu kidogo hakuna kinachotembea? Nilidhani wawekezaji wa Dubai waliletwa kumaliza mambo haya. Mteja wangu wa Tunduma anasema Wazambia wenyewe wanahamia Beira na Walvis Bay, je na mimi nihamie? Na hii milioni mbili, nilipe au nisilipe?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini linalokunyima usingizi ni la mwisho, basi tuanze nalo. Usilipe. Sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji, hilo unalijua. Ila hata tukiiweka sheria pembeni kidogo, katika maelezo yako yote sijaona kitu kinachothibitisha kwamba hiyo pesa inakwenda kwa hao "watu wa ndani". Hukutaja namba ya kadhia, yaani lile tamko la mzigo linalowasilishwa forodha. Hukusema kama D.O., ile hati ya kuruhusu mzigo utolewe, imeshatoka kwa wakala wa meli. Hukusema umeyaona makadirio ya kodi. Ulichonacho ni neno la mtu mmoja, na mtu huyohuyo ndiye mpokeaji wa pesa.

Kuna jambo ambalo waagizaji wengi wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hawaambiwi. Mzigo ukiwa Dar na wewe uko Mbeya, kilometa zaidi ya 800, kila unachokijua kuhusu mzigo wako kimepita mdomoni mwa wakala. Akisema "nyekundu", wewe unaona nyekundu. Mfumo wa forodha wa TRA, TANCIS, unaotumika tangu 2014, hupanga kila kadhia kwenye njia: kijani hupita bila kukaguliwa, njano hukaguliwa makaratasi tu, nyekundu mzigo wenyewe hupitishwa kwenye skana au kufunguliwa. Mwagizaji wa mara ya kwanza, asiye na historia, kuangukia nyekundu ni jambo la kawaida kabisa. Hiyo si adhabu wala si bei. Ni ukaguzi, una utaratibu wake na una mwisho wake.

Lakini ili kontena lipangwe nyekundu, lazima kwanza kadhia iwe imewasilishwa. Na hapa ndipo vishoka wanapokula. Mara nyingi mzigo "uliokwama TRA" haujafika TRA hata kidogo: kadhia haijaingizwa kwa sababu hati ya shehena halisi haijafika kutoka China, au gharama za wakala wa meli hazijalipwa hivyo D.O. haijatoka, au cheti cha ubora kutoka nchi ya asili hakikuombwa kabla mzigo haujapanda meli. Wakala aliyechelewa kufanya kazi yake ana njia mbili. Anaweza kukuambia amechelewa, au anaweza kukuambia serikali imekukwamisha na dawa ipo. Ya pili inamlipa.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, mwombe namba ya kadhia, ile TANSAD, pamoja na nakala ya makadirio ya kodi. Leo, siyo kesho. Akikupa, utaona mwenyewe imefikia wapi, na ofisi ya TRA hapa Mbeya unaweza kuingia na namba hiyo mkononi ukaulizia. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu lako.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa, kama ni kweli bila kitu kidogo hakuna kinachotembea. Imani hii ina umri mrefu, na hata wachumi wenye heshima zao waliwahi kuitetea. Miaka ya 1960 walikuwepo waliosema kwamba penye urasimu mzito rushwa husaidia, kwa kuwa mwenye haraka hulipia haraka yake na mambo yakaenda. Mchumi wa Sweden Gunnar Myrdal akawajibu mwaka 1968 kwa hoja ambayo mpaka leo sijaona aliyeivunja: ofisa anayelipwa kwa kuharakisha ana kila sababu ya kuchelewesha kwanza. Chukua mwenye mashine ya kusaga kijijini ambaye ameanza kuwauzia watu nafasi ya mbele ya foleni. Huyo hatanunua mashine ya pili, na ya kwanza ikiharibika hatakimbilia fundi, maana foleni ndiyo bidhaa yake.

Hilo si nadharia tupu. Mwaka 1999 Daniel Kaufmann na Shang-Jin Wei walichambua takwimu za makampuni kutoka nchi nyingi, wakaona kampuni zinazotoa rushwa zaidi ndizo zinazopoteza muda mwingi zaidi na maofisa. Kama rushwa ingekuwa inafungua milango, ingekuwa kinyume chake. Ukishalipa mara moja unajulikana kuwa ni mlipaji, na bei ya kesho inaanzia pale ulipoishia leo.

Nitakubali jambo moja, nisije nikakudanganya. Kwa mtu mmoja, kwa siku moja, kulipa kunaweza kweli kumtoa. Ndiyo maana watu wanalipa, si kwamba ni wajinga. Ubaya ni kwamba haraka yake imetoka kwenye siku za mwingine aliyekuwa mbele yake, na bandari kwa jumla haikuongeza hata kontena moja kwa saa.

Niongeze lingine ambalo halizungumzwi sana. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2012 uliangalia kwa nini mizigo inalala wiki nzima nzima kwenye bandari za Afrika kusini mwa Sahara. Ukiiondoa Durban, wastani ulikaribia siku 20, wakati bandari kubwa za kwingineko ni siku tatu au nne. Watu walitarajia kusikia habari za kreni na gati. Wakakuta sehemu kubwa ya siku hizo inatokana na makaratasi, na baadhi inatokana na waagizaji wenyewe: wapo wakubwa wanaoitumia bandari kama ghala la bei nafuu, na wapo wanaofurahia ucheleweshaji kwa sababu unawazuia wageni kuingia sokoni. Mgeni anayezungumziwa hapo ni wewe. Yule uliyekuwa ukinunua kwake Kariakoo, mwenye mtaji wa kuvumilia mwezi mzima, hasumbuliwi na siku 20 kama unavyosumbuliwa wewe ambaye kontena likikosa mvua za Mbarali pampu zinakaa dukani mpaka msimu mwingine.

Hasara ya nchi nayo imewahi kupigiwa hesabu. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba uzembe wa bandari ya Dar es Salaam, ukilinganishwa na kama ingefanya kazi kwa kiwango cha Mombasa, uliugharimu uchumi wa Tanzania dola bilioni 1.8 kwa mwaka 2012, na majirani dola milioni 830. Huku Mbeya tunaikuta hasara hiyo kwenye bei ya mbolea, ya bati, ya dizeli, bila kuona imeandikwa popote.

Sasa nikutenganishie rushwa za aina mbili, kwa sababu wakala wako amekuletea zote mbili katika mazungumzo yaleyale, nawe umeziona kama kitu kimoja.

Ya kwanza ni ya kukukamua: kila kitu chako ni halali, kodi yako ni sahihi, lakini unadaiwa pesa ili upewe haki yako. Milioni mbili, kama kweli inakwenda ndani, ni ya namna hii. Ya pili ni ya kushirikiana: wewe na ofisa mnakubaliana kuiibia serikali, mnagawana kilichookolewa. Invoisi ya nusu bei ni hiyo. Katika ya kwanza wewe ni mhanga. Katika ya pili wewe ni mshirika, hata kama wazo ni la wakala.

Watafiti Sandra Sequeira na Simeon Djankov walizichunguza hizi mbili kwenye bandari za Maputo na Durban, wakifuatilia malipo mzigo kwa mzigo. Kwa kontena la kawaida, rushwa Maputo ilifikia kama asilimia 14 ya gharama ya kusafirisha. Durban kama asilimia 4. Linalofaa kuzingatiwa zaidi ni nani alikuwa anakula. Maputo kazi ya bandari ilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi tangu 2003, lakini rushwa kubwa ilikaa forodha, ambako wakala alikutana na ofisa uso kwa uso, naye ofisa alikuwa na mamlaka mapana ya kuamua. Durban nyaraka za forodha zilitumwa kwa kompyuta, kwa hiyo rushwa ikahamia kwa wafanyakazi wa gati, na ilikuwa ndogondogo. Matokeo yake, kampuni nyingi za Afrika Kusini zilizo karibu na Maputo zilikuwa zinazunguka hadi Durban, mamia ya kilometa zaidi, kukwepa kutojua zitadaiwa kiasi gani. Angalia hapo: gharama iliyojulikana waliibeba. Iliyowashinda ni ile isiyotabirika.

Kutoka hapo unaweza kujibu mwenyewe swali lako la Dubai. Hapa Mbeya jambo hili tulilifuata kwa karibu kuliko mikoa mingi, maana kesi ya kupinga ule mkataba wa serikali na Dubai ilisikilizwa Mahakama Kuu yetu hapahapa, ikatupiliwa mbali Agosti 2023. Oktoba mwaka huo mikataba ya DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, ikasainiwa, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikaanza kazi. Kabla ya hapo, kupitia mradi uliokopeshwa na Benki ya Dunia kuanzia 2017, gati namba 1 hadi 7 zilikuwa zimeongezwa kina kufikia meta 14.5. Hayo yote ni mambo ya maana. Mwendeshaji mwenye kreni nzuri na mikataba inayompimia kasi anaweza kupunguza siku za meli kusubiri nangani na saa za kushusha. Ila mwendeshaji hakadirii kodi. Hapimi ubora. Haamui kama mkanda wako wa pawatila uko kundi gani la ushuru. Kazi hizo zimebaki TRA, TBS na taasisi nyingine za umma, ambako zilipaswa kubaki. Kwa hiyo meli inaweza kushushwa haraka kuliko zamani na kontena bado likalala. Waliosema mwekezaji atamaliza rushwa, na waliosema ataleta balaa tupu, kwa maoni yangu wote walikuwa wanatazama gati wakati tatizo kubwa la mtu kama wewe liko kwenye meza.

Twende kwenye hiyo meza, maana ndipo uhusiano wa kanuni na rushwa unapoeleweka vizuri.

Ukiwasikiliza wafanyabiashara wengi, dawa ni kupunguza kanuni. Mimi siendi nao mpaka mwisho. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, tani 2,750 za naitreti ya ammonia zililipuka kwenye ghala la bandari zilikokuwa zimetelekezwa kwa miaka, kila ofisi ikijua na hakuna iliyoamua. Bandari isiyo na kanuni zinazosimamiwa inaua watu. Kemikali za mashambani zinazokuja Mbozi na Rungwe lazima mtu azipime. Kinachozaa rushwa ni ile kanuni inayomwachia ofisa nafasi kubwa ya kuamua apendavyo, bila muda maalumu wa kuamua, na gharama yote ya kusubiri ikikuangukia wewe. Hayo matatu yakikutana, hata malaika akikaa kwenye kile kiti atajaribiwa.

Nikupe mfano wa bidhaa zako. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu 2022, 35. Spea iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ya kilimo iko kwenye kundi la mashine za kilimo. Lakini beringi ina kundi lake yenyewe, na mkanda wa mpira una kundi lake, hata kama vyote vitaishia kwenye pawatila ya Usangu. Mtengenezaji wa China akikuandikia kwenye invoisi "spea za pawatila, katoni 140", amekuacha uchi. Ofisa ana haki ya kuuliza ni spea gani, na jibu lolote kati ya matatu au manne linawezekana, kila moja na kodi yake. Pengo kati ya jibu la chini na la juu ndipo panapopatikana ile milioni mbili. Invoisi ikiwa imetaja kila kitu kwa jina lake, idadi yake na namba yake ya kundi, pengo linajifunga. Asiye mwaminifu anabaki na cha kuuza kidogo sana.

Serikali yenyewe imelijua hili, kwa kiasi. Mwaka 2019, katika mageuzi ya kuboresha mazingira ya biashara, kazi ya kudhibiti chakula na vipodozi ilihamishiwa TBS na tozo kadhaa zikafutwa, ili mtu mmoja asikaguliwe kitu kilekile na ofisi mbili. Hilo lilikuwa jema. Lakini tumeona pia kanuni ikiongezwa bila hesabu. Mwaka 2016 huduma za mizigo inayopita kwenda nchi jirani ziliwekewa VAT ya asilimia 18. Waulize watu wa Tunduma mwaka ule ulikuwaje. Wateja wa Zambia na Kongo wakatafuta njia nyingine, na mwaka uliofuata kodi ile ikaondolewa. Hapo hapakuwa na mla rushwa hata mmoja. Ilikuwa sheria halali, imepitishwa bungeni mchana kweupe, na mizigo ikakimbia vilevile.

Na adhabu kali peke yake? Novemba 2015 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alifanya ziara ya kushtukiza bandarini, ikabainika kwamba makontena zaidi ya 300 yalitoka bila kulipiwa kodi. Vigogo wakasimamishwa. Ilibidi. Lakini hofu nayo ina gharama yake: ofisa anayeogopa kusaini kuliko anavyoogopa kuchelewa, atachelewa. Kompyuta nayo si mwarobaini. Kule Toamasina, bandari kuu ya Madagaska, kadhia zilitakiwa kugawiwa kwa wakaguzi kwa bahati nasibu ya mfumo. Watafiti walipochunguza wakakuta mgawanyo unachezewa: mawakala fulani waliwaangukia wakaguzi fulani mara nyingi kuliko bahati inavyoweza kueleza, na mizigo hiyo ndiyo iliyokuwa na harufu ya ukwepaji kodi. Rushwa ilikuwa imehamia kwa anayeshika kompyuta.

Kuhusu Beira na Walvis Bay, mteja wako hadanganyi, ila ushauri wake haukufai wewe. Mtu wa Ndola au Lubumbashi anazo bandari nyingi za kuchagua: Dar, Beira, Durban, Walvis Bay, na sasa Lobito kule Angola inapigiwa debe kwa nguvu. Yeye akiudhika anahama, na kuhama kwake ndiyo fimbo pekee ambayo bandari zetu zinaiogopa. Wewe uko Mbeya. Mzigo wako ukishukia Beira utakatisha Msumbiji, utaingia Malawi, utatokea Kasumulu: nchi tatu, forodha tatu, dhamana za mzigo wa kupita, na bado kodi ya Tanzania utailipa palepale mpakani. Umekimbia meza moja ukazikuta tatu. Kaa na Dar.

Nirudi kwenye ile invoisi ya nusu bei, maana naogopa itakushawishi kuliko milioni mbili. Yenyewe inaonekana kama akili ya biashara. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki, kutoa tamko la uongo ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka mitatu au faini ya hadi dola 10,000. Mzigo kutoka salama bandarini hakufungi faili: forodha wanaweza kurudi kukagua vitabu vyako ndani ya miaka mitano. Zaidi ya hapo, siku utakayokubali invoisi ya pili, wakala wako atakuwa amekushika. Kila safari atakayotaka "ya kulainisha" utalipa, kwa sababu anajua ulichoandika. Rushwa ya kushirikiana ndiyo inayofungua mlango wa ile ya kukamuliwa, na wengi niliowaona wakikamuliwa vibaya walianzia hapo.

Basi fanya hivi. Ukishapata namba ya kadhia na makadirio, linganisha makadirio hayo na invoisi yako mstari kwa mstari. Kodi na tozo zote za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanaiita kontroo namba. Malipo ya serikali yasiyo na namba hiyo si ya serikali. Gharama za wakala wa meli na za bandari kavu ni za kampuni binafsi, hizo dai ankara na risiti ya EFD. Ada ya wakala mwenyewe iandikwe kwenye barua ya makubaliano. Ukishagawa hivi, ile milioni mbili itakosa pa kukaa.

Muulize pia kwa maandishi, meseji inatosha: "Ni ofisi gani imezuia mzigo, kwa sababu gani, na hoja yao imeandikwa wapi?" Hoja ya forodha kuhusu thamani au kundi la bidhaa huandikwa kwenye mfumo na hujibiwa kwenye mfumo. Kama wanaikataa bei yako, una haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi, na unaweza kupeleka uthibitisho wa benki wa kile ulichomlipa mtengenezaji. Usipokubaliana na uamuzi, unayo haki ya kuomba mapitio kwa Kamishna ndani ya siku 30. Naye akikaa siku 30 bila kukujibu, ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Waagizaji wachache mno wanaitumia. Ila niseme ukweli: siku 30 na mvua za Mbarali havipatani. Kama tofauti ya kodi ni ndogo, pengine utaona heri ulipe kilichokadiriwa kihalali, utoe mzigo, halafu uombe mapitio. Hiyo ni hesabu ya biashara, na hakuna dhambi ndani yake.

Safari ijayo, kadhia iingizwe kabla meli haijafunga gati, mfumo unaruhusu. Nyaraka zote ziwe mkononi mzigo ukiwa bado baharini. Kila siku unayoiondoa kwenye kusubiri ni siku ambayo hakuna wa kukuuzia.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kama wakala hana namba ya kadhia, nenda TRA Mbeya wewe mwenyewe na nakala za hati ya shehena, invoisi na orodha ya mzigo, uulize pia kama jina lake limo kwenye orodha ya mawakala wa forodha wenye leseni. Usichelewe, kwa sababu mzigo unatakiwa kuingiziwa kadhia ndani ya siku 21 tangu kuanza kushushwa, ukipita hapo unaingia kwenye ghala la forodha na baadaye mnada. Wewe umeshatumia 11. Kama kadhia ipo, na kweli ofisa anadai pesa, nenda TAKUKURU ofisi ya mkoa au piga 113, ni bure, kabla hujatoa hata shilingi. Ukienda baada ya kulipa unaingia kwa mlango mwingine. Na kama tayari umeshasaini nyaraka zenye bei isiyo ya kweli, hata bila kujua, usijitetee mwenyewe kaunta: mtafute mwanasheria au mshauri wa kodi aliyesajiliwa, akae nawe akiwa na nyaraka zote mezani, kwa sababu kusahihisha tamko kabla hujakamatwa na kulieleza baada ya kukamatwa ni mambo mawili tofauti kabisa.

Shemeji yako mwambie taratibu. Huenda naye ameaminishwa.